Nilimwigiza Bosi Wangu Kwenye Semina, Sasa Hanisemeshi

Shangazi mshauri, shikamoo. Nakuandikia roho mkononi na kicheko kooni, sijui kipi kitanitoka kwanza, kwa hiyo nivumilie.

Mimi nafanya kazi chuoni, kitengo cha mikopo na ufadhili wa wanafunzi, dirisha la pili, mkataba wa muda, na bosi wangu, mkuu wa kitengo, ndiye wa kupeleka pendekezo la nani aajiriwe moja kwa moja, na pendekezo lenyewe linakwenda mwisho wa mwezi huu, kwa hiyo elewa Shangazi kwamba shingo yangu iko mikononi mwake. Basi juzijuzi tukapelekwa semina, sisi na wenzetu wa vyuo vingine, kufundishwa namna ya kumhudumia mwanafunzi mwenye shida bila kumdhalilisha, na siku ya kwanza ilikwenda vizuri tu, maelezo, maswali, maelezo, usingizi. Siku ya pili mwezeshaji, mama mmoja mcheshi lakini ana macho makali, akasema leo hakuna kuandika, leo tunabadilishana viti, mabosi wote wawe wanafunzi waje kuomba msaada, na sisi wa madirishani tuwahudumie kama tunavyohudumia kila siku, bila kujipamba.

Bosi wangu akapangiwa awe mwanafunzi wa mwaka wa pili, baba kaachishwa kazi, ada haijalipwa, mtihani unakaribia. Na wa kumhudumia nani? Mimi.

Shangazi, shetani alinipitia. Bosi wangu ana mambo yake: akitaka kumkatalia mtu hukohoa kwanza, anateremsha miwani hadi ncha ya pua, anamtazama kwa juu, halafu anasema, "Kwani wewe ndiye wa kwanza kupata shida duniani?" Maneno hayo tumeyasikia mpaka tunayaota. Basi nami nikaazima miwani ya mhasibu aliyekaa jirani yangu, nikakohoa, nikateremsha, nikatazama kwa juu, na wenzangu wa ofisini wakaanza kuziba midomo. Yeye masikini hajashtuka bado, kaingia kwenye igizo mzimamzima, anasihi kwelikweli, "Dada, naomba unisikilize tu," nami namjibu, "Kwani wewe ndiye wa kwanza kupata shida duniani? Barua ya mwajiri wa baba iko wapi? Na mbona viatu vinang'aa hivyo, mtu mwenye shida ana muda wa kupiga kiwi?" Akapandwa na hasira za kweli, akapiga meza, "Nitakushtaki kwa mkubwa wako!" Mdomo ukanitangulia, nikasema, "Mkubwa wangu ndiye aliyenifundisha."

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka hadi wengine wakatoka nje, na kumbe mkuu wa chuo chetu alikuwa amekaa nyuma kabisa, naye anafuta machozi kwa leso. Bosi akanitazama, akaitazama ile miwani, ndipo akaelewa. Akachukua koti lake akaondoka bila kuaga mtu.

Tangu siku hiyo hanisemeshi. Akinitaka anamtuma tarishi, "Mwambie yule msanii alete mafaili," na mimi niko palepale, nasikia kila kitu, lakini inabidi nimsubiri tarishi aje aniambie. Mume wangu naye hana msaada, kila jioni anataka nimwigizie tena, na mama mkwe alipokuja kututembelea akadai naye aonyeshwe. Mwenzangu wa dirisha la kwanza ananiambia nikapige magoti, wengine wanasema nikomae hivyohivyo, igizo ni igizo. Shangazi, ulimi uliteleza tu, sikukusudia. Niombe radhi au ninyamaze yapite? Nijibu haraka, maana nimefunga dirisha ili nikuandikie na foleni imeshaanza kunung'unika.

Ni mimi, Msanii wa Dirisha la Pili

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Msanii. Nimecheka, sikufichi, mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini. Sasa nimemaliza kucheka, tuongee.

Kwanza acha uongo. Ulimi ukiteleza hauazimi miwani. Ulikuwa unakisubiri kiti kile tangu siku uliyoanza kazi, na ulipokipata ukajaa tele. Na shetani mwache apumzike, kazi za mikono yako usimsingizie.

Halafu kuna jambo umelipitia mbio kama hulioni. Kukohoa ni kwa bosi wako, sawa. Miwani yake, sawa. "Wa kwanza kupata shida duniani" ni maneno yake, umenitajia mwenyewe. Na yale ya viatu? Yale ni ya nani, mwanangu? Mwezeshaji aliwaambia mhudumie kama kila siku, na yalikutoka kwa ulaini wa mtu aliyezoea. Yuko binti mahali fulani aliyeazima viatu vya rafiki yake ili asije ofisini kwako na kandambili, ukamuuliza hivyohivyo, akaondoka bila kurudi. Ukumbini mle waliigizwa watu wawili, ila mmoja tu ndiye aliyechekwa. Hapo nimekukasirikia, na sikuombi samahani.

Bosi wako sasa. Umemwogopa bure. Yule hana kisasi, ana haya. Mtu mzima na cheo chake, mbele ya mkuu wake, kasihi na hakusikilizwa, halafu kagundua kwamba aliyekuwa akimkatalia ni yeye mwenyewe. Ungekuwa wewe ungelala? Lakini angalia, hajakuandikia barua ya onyo, hajakuhamisha dirisha. Anakuita msanii. Mtu aliyekuchoka kabisa hahangaiki kukutafutia jina.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua dirisha sasa hivi, gazeti weka chini, hao wanaonung'unika wana haki ya kunung'unika. Mumeo na mama mkwe waambie maonyesho yamefungwa. Magoti usipige, utamwaibisha zaidi. Na "igizo ni igizo" usithubutu kuitamka mbele yake, maana wote wawili mnajua haikuwa hivyo.

Kesho asubuhi, kabla watu hawajajaa, gonga mlango wake, nenda peke yako, usimtume tarishi. Mwambie, "Bosi, nilikudhalilisha mbele ya wakubwa kwa makusudi. Nisamehe. Na yale ya viatu ni yangu mimi." Basi. Habari za ajira usiziguse, atajua mwenyewe kwamba umezibeba moyoni. Kisha nyamaza, hata akikaa kimya mpaka jasho likutoke.

Hapo mwombaji utakuwa wewe. Akikusamehe, shukuru urudi kazini kwako. Mwisho wa mwezi ukifika, akikunyima pendekezo, rudi umuulize sababu, kwa adabu, na usitoke mpaka akueleze. Hiyo ni haki ya kila anayekuja kuomba, na kama nyinyi wawili hamjaijua mpaka leo, basi semina ile mlikwenda kunywa chai tu.