Simu ya Mama Imo Mfukoni Mwako

Kaka Kizito,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu Mama alinilea kwa adabu, usije ukadhani nimefurahi. Wewe hujambo? Wifi yangu hajambo? Watoto wanaenda shule? Huko Mwazye kipupwe kimeshaanza kung'oa mabati ya watu au bado? Mimi ni mzima. Arusha nako kuna baridi, ila ya huku ni ya mawingu tu, haina ule upepo wetu wa kukata masikio. Mikono ndiyo inanisumbua. Dawa tunayofulia mashuka ya hoteli imenichubua vidole mpaka kushika kalamu ni shida. Usinionee huruma, sijaandika kwa ajili hiyo.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu meseji zangu unazisoma, alama mbili za bluu naziona, halafu kimya. Nikipiga, unakata. Haya, karatasi haina mahali pa kubonyeza ukaikata. Nimempa kondakta wa basi la Sumbawanga, naye kaahidi kuikabidhi kwa wenye gari za Mwazye pale stendi. Nimemwambia upewe wewe mkononi, siyo wifi, siyo watoto.

Sasa nisikilize vizuri, maana naona kwako ile ni simu tu kama simu nyingine.

Unakumbuka ile likizo yangu Mama alipoanza kutia chumvi mara mbili kwenye maharage, na jioni anauliza Baba mbona hajarudi shambani? Baba tuliyemzika sote! Tulimpeleka hospitali mjini, wewe na mimi, na ulikuwepo ndani daktari aliposema kwamba huo usahaulifu utaongezeka polepole, na kwamba tusimbadilishie vitu. Kitanda kikae palepale, kiti chake cha jikoni kikae palepale. Alichokizoea mkono wake, alisema, hicho atabaki nacho muda mrefu kuliko anachokikumbuka kwa kichwa. Wewe ukatikisa kichwa, ndiyo daktari, ndiyo daktari.

Mimi nikarudi Arusha na neno hilo. Nikawaza, Mama anaweza kujifunza simu moja. Moja tu. Akishaizoea, ndiyo hiyohiyo mpaka Mungu atakapomchukua. Ikianza kuganda baada ya mwaka tukamnunulia nyingine, hajui tena pa kubonyeza, na hapo nitakuwa nimempoteza angali hai. Ndiyo maana sikutafuta simu nzuri, Kizito. Nilitafuta simu isiyozeeka haraka.

Nilikupigia kukuuliza, maana wewe ndiye unayejifanya mjuzi wa mambo hayo. Ulijibu nini? "Bibi wa jikoni, simu yenye kasi ya nini? Anakimbilia wapi?" Ukacheka sana. Na mimi nikacheka, mjinga mimi.

Siku zangu za mapumziko zote niliishia madukani. Muuzaji mmoja ananionyesha kamera nne mgongoni, kama Mama anakwenda kupiga picha za harusi. Mwingine ananiambia hii ina ram nane, eti ndiyo kumbukumbu ya kuendeshea simu, na nyingine nane juu yake. Nikampelekea maneno hayo fundi simu wa hapa karibu na geti letu la hoteli, kijana mmoja mpole, akacheka. "Dada, hizo nane za juu ni za kukopa. Inakopa kwenye nafasi yake yenyewe ya kuhifadhia vitu. Ikijaa, inakopa wapi?" Akaniambia ya bei chee nisiiguse, itaanza kuganda kabla ya mavuno ya pili. Ya matajiri nayo siyo ya mama wa kijijini. Nichukue ya katikati, ila nisiangalie kamera wala rangi. Nitazame chipu ya ndani, kwa sababu hiyo haibadilishwi. Nitazame ram ya kweli na nafasi ya kutosha. Niulize kampuni itaipelekea masasisho kwa miaka mingapi, tena nisikubali jibu la muuzaji, nisome mwenyewe. Na betri iwe ya aina ambayo hata fundi wa Sumbawanga anaipata, kwa sababu betri ndiyo itakayochoka kwanza.

Kuna simu niliishika nikairudisha sijui mara ngapi. Wenye duka walishaanza kunisema. Mpaka nikaipata ile. Nyeusi, ya kawaida, haina mbwembwe yoyote. Nilijinyima, na sitaki kuhesabu hapa nilijinyima nini.

Nilipokuja nayo nyumbani niliondoa kila kitu kwenye kioo cha simu. Kila kitu! Nikaacha picha moja tu, pale juu kwenye kona ya kushoto, mimi na gauni langu la komunio ya kwanza, kwa sababu uso huo ndio Mama anaushika kuliko huu wa sasa. Akiigusa, inanipigia. Basi. Likizo nzima nilimfundisha hilo tu. Natoka naenda kusimama nyuma ya ghala la mahindi, yeye amekaa jikoni, anabonyeza, ninapokea: "Mama!" Naye anapiga kelele kule ndani, "Yupo! Yupo kwenye simu!" Narudi, natoka tena. Wifi alikuwa anatucheka dirishani. Mpaka siku moja Mama aliongea na jirani huku kidole chake cha gumba kimekwenda chenyewe kwenye ile kona bila kutazama, na simu yangu ikalia. Nililia machozi siku ile, nikamwambia ni moshi.

Kimfuko cha kitenge nilikishona kwa mkono, na kamba yake ya kuvaa shingoni. Nadhani hicho unakijua vizuri.

Tangu hapo, kila jioni akishakula ugali wake wa ulezi, Mama alikuwa ananipigia. Kuku wake mwekundu ametagia kwenye kapu la nguo. Kesho tena, kuku mwekundu ametagia kwenye kapu la nguo. Mimi nashangaa upya, "Ehe, kapu gani tena Mama?" Wenzangu huku chumba cha kufulia walishamjua yule kuku. Kizito, hicho ndicho kilikuwa chakula changu cha jioni. Naongea Kifipa changu, natukanwa kidogo kwa kukosa mume, nalala.

Halafu ikakatika.

Ulisema Mama siku hizi anasinzia mapema. Nikaamini. Ukasema mtandao Mwazye unasumbua. Nikaamini. Ukasema chaji, jua hakuna, banda la kuchajia limefungwa. Nikapiga mchana, ikaita, ikaita, hakuna anayepokea. Ukasema, "Ameichoka hiyo simu yako, wazee ndivyo walivyo." Na hilo nalo nikaliamini, nikakaa nalo moyoni, kwamba mama yangu amenichoka.

Unajua nini kilichokuumbua? Status zako. Wewe mwenye picha za ukungu miaka yote, ghafla unaweka picha safi, mpaka ukope wa mtu unaonekana. Sikufikiri kitu. Nikasema kaka kanunua simu, hongera yake. Mpaka ulipoweka zile za sikukuu ya jumuiya ya kanisa pale kwenu. Nikavuta picha nione nani na nani wamekuja. Nikamwona Mama kule pembeni, amekaa kwenye kigoda, kimfuko changu shingoni, na simu ameishika mkononi. Nikavuta zaidi. Kona imepasuka! Ile simu yako uliyoiangusha kwenye harusi, ile ambayo mpaka uipigepige kiganjani ndiyo iitikie. Picha ilikuwa safi mno, kaka. Simu ya mama yako ndiyo iliyokupiga picha na wizi wako.

Usiniambie siyo wizi. Najua utasema nini, kwa sababu umeshamwambia Mama Shija, yule jirani yetu Msukuma ambaye wewe humwita wa kuja. Eti simu nzuri haikai jikoni kwenye moshi, unamtunzia. Eti wewe katibu wa jumuiya, watu wanakutumia matangazo na video za misiba. Tena najua kwetu ndivyo ilivyo, kitu kizuri kikitoka mbali kinakaa kwa mkubwa wa nyumba, mwenyewe anakionyeshwa Jumapili. Redio ya Baba ilikaa kwenye sanduku la Babu hivyohivyo, inatunzwa, mpaka betri zikavujia ndani na haikuimba tena. Nyumba nzima tulilishuhudia hilo, na wewe ndiye ulikuwa unanung'unika kuliko wote! Leo umekuwa mkubwa wa nyumba, umenunua sanduku lako.

Lakini hata hilo ningelimeza. Ungemnyang'anya tu, ungesema Mama nipe simu, angejua amenyang'anywa, angelalamika kwa majirani, ningesikia. Ninachoshindwa kumeza ni kile kimfuko. Ulikaa mahali, Kizito, ukiwa na akili zako timamu, ukaitoa simu yake kwenye kitenge nilichoshona, ukatumbukiza lile kopo lako, ukahamisha na laini, ukamvalisha shingoni. Mikono yako ilifanya hivyo. Kwa sababu ulijua hatajua.

Nilimpigia Mama Shija. Aliacha ng'ombe wanaingia zizini akaenda na simu yake mpaka jikoni kwetu. Aliniambia njiani, "Skola, mimi nilikuwa naona. Kila jioni kule jikoni kwa mama yenu taa inawaka, inazima, inawaka, inazima. Nikadhani anatafuta kitu sakafuni." Ndipo nikaelewa. Kwenye simu yako, pale kwenye kona ya kushoto, kuna tochi. Mama anagusa picha yangu. Mimi siji. Inawaka taa.

Akampa simu. Nikamsalimia kwa Kifipa, kama siku zote. Kizito, Mama alinijibu kwa Kiswahili. Kile Kiswahili chake cha kwenda ofisini, cha kuongea na karani wa kijiji. "Salama mwanangu, karibu. Unatoka wapi?" Nikaendelea na Kifipa, nikamwambia ni mimi. Akacheka, "Unakijua vizuri Kifipa! Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikasema natoka Arusha.

"Arusha? Huko ndiko aliko binti yangu Skola. Unamfahamu?"

Nikasema namfahamu.

"Ukimwona mwambie mimi nabonyeza. Kila siku nabonyeza, yeye hapokei. Zamani alikuwa anapokea. Mwambie kama kuna neno nilimkosea, aniambie tu, mimi ni mama yake, nitaomba radhi."

Mama Shija aliichukua simu yake.

Sisemi ile simu ingemponya. Daktari alisema itafika siku. Lakini jioni moja baada ya nyingine alikuwa anaisikia sauti yangu, na sauti hiyo ilikuwa imemshikilia mahali. Wewe umeiachia ikaondoka, ili upate nafasi ya kuweka video za watu wanaocheza muziki harusini. Na najua umeshaijaza. Nimeona unalalamika kwenye kundi la ukoo kwamba simu siku hizi imekuwa nzito. Simu niliyoichagua idumu miaka na miaka, wewe umeizeesha kabla ulezi haujavunwa!

Nisalimie wifi yangu, na umwambie alichokiona akanyamaza nakijua. Msalimie shangazi anayefua mavazi ya padri, na mjomba wa mashine ya kusaga, aache kuvuta tumbaku. Watoto wako wabusu, waambie shangazi yao hajawasahau. Mama Shija usimsalimie wewe, nitamsalimia mwenyewe.

Sasa fanya hivi. Ukimaliza kusoma, futa uchafu wako wote kwenye ile simu. Irudishe picha yangu mahali pake, kona ya juu, kushoto. Rudisha na laini yake. Jioni Mama akishakula, ingia jikoni, umvue kimfuko, utoe kopo lako, uweke simu yake. Usimweleze kitu, hatakielewa, na wewe huna la kumweleza. Kaa hapo kwenye kigoda, kwenye huo moshi unaouogopa, uangalie kidole chake. Pengine hakitakwenda siku ya kwanza. Kaa tena kesho yake. Utakaa mpaka kiende.

Wewe usinipigie. Nimemwambia msimamizi wetu wa kufulia kwamba simu yangu itakuwa mfukoni hata nikiwa na mashuka ya moto mikononi, na akitaka kunifukuza kwa hilo anifukuze.

Mdogo wako,
Skola, yule binti asiyepokea simu ya mama yake.