Ufunguo Wenye Bangili

Multan,
Novemba 9, 2019.

Mpendwa mdogo wangu Shaista,

Salaam aleikum kutoka nyumbani. U hali gani huko Toronto, na watoto wameshapona mafua? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Baridi imeanza kubisha hodi. Jana nilitoa mablanketi sandukuni, na nyumba nzima inanuka vile vidonge vyeupe vya Mama vya kufukuza nondo.

Halua uliyoiomba ataileta binamu yetu Farzana akija huko, kama hataimaliza njiani. Unamjua.

Duka la vitambaa la Baba kule sokoni hungelitambua. Kaka yako Iftikhar amelitia vigae, taa na mlango wa kioo. Limependeza, sitaki kusema uongo. Lakini kile kioo kirefu ambacho wanawake walijipimia mitandio kiliondolewa, na msumari wa pembeni yake ukang'olewa. Unaukumbuka msumari ule?

Mimi naukumbuka sana. Ufunguo wa choo cha nyuma ulining'inia pale, umefungwa bangili kuukuu ya shaba. Mwanamke akibanwa, alisogea kwenye kioo kana kwamba anaangalia mtandio, akauchukua, akaenda zake. Hakuuliza wala hakuulizwa. Wengi wao hawakuwahi kununua kwetu hata leso. Na Baba, bangili ikilia tu, aligeukia rafu akaanza kupima kitambaa ambacho hakuna aliyekitaka, mpaka ilie tena. Wewe ulikuwa ukicheka hadi Mama anakufinya.

Tukienda masoko mengine ilikuwa shida. Mama alitupiga marufuku chai tangu asubuhi, na maji tulikunywa tukirudi. Wanaume walikuwa na vyoo vya msikitini, sisi wanawake tulikuwa na duka la Baba.

Iftikhar aliukomesha utaratibu huo. Ufunguo ukawa mezani kwa karani, na kuupata mpaka uonyeshe risiti. Simlaumu kwa yote. Umeme ukikatika pampu haivuti, tangi linakauka kabla ya adhuhuri, na mabomba yamewahi kuibwa. Tena alikutaja wewe kuwa shahidi wake: "Shaista mwenyewe anasema kwao unanunua kahawa kwanza ndipo unafunguliwa choo!" Ona maneno yako yalivyosafiri.

Basi wiki mbili zilizopita Mama alikwenda sokoni kutafuta kitambaa cha harusi ya binti wa Farzana. Unajua kisukari chake, hawezi kujizuia muda mrefu. Akaingia dukani kwetu, amejifunika uso kama kawaida yake. Tangu Baba afariki hakuwa amekanyaga pale, na karani ni mpya, hamjui. Iftikhar alikuwa amekwenda kuswali. Mama akakitafuta kioo, hakuna. Akabaki anapapasa ukuta. Karani akapaza sauti mbele ya wanaume: "Bibi, kama ni choo, risiti kwanza! Hapa si stendi!"

Mama, ambaye hajawahi kulitamka neno hilo mbele ya mwanamume wa kando, aligeuka akatoka. Ndani ya bajaji mwili ukamshinda. Alipofika nyumbani alipita moja kwa moja bafuni, akazifua nguo zake mwenyewe. Nililia, Shaista. Tangu siku hiyo hakutoka nje, na chai akaiacha kabisa.

Nilimwambia Iftikhar tukiwa mezani. Akaruka: "Si angesema tu kwamba ni mama yangu!"

"Aseme mbele ya wanaume wale? Aseme anataka nini?"

"Dada, na maji je? Na uchafu? Nani anasafisha?"

"Baba alisafisha mwenyewe," nikamwambia.

Hakumaliza chakula chake.

Jumapili alikuja kumchukua Mama akachague kitambaa. Mama aligoma, nikambembeleza weee. Tulipofika, kioo kilikuwa kimerudi mahali pake na msumari upo. Tangi la pili limepandishwa juu. Wanaume wataendelea kuomba kwa karani, hapo hakulegeza. Ufunguo ulining'inia mtupu, maana ile bangili ilipotea wakati wa ukarabati.

Mama aliutazama kitambo. Kisha akavua bangili yake moja, kati ya zile alizonunuliwa na Baba, akaifunga kwenye ufunguo kwa uzi. Akauchukua, bangili ikalia, akaelekea nyuma bila kumwangalia mtu.

Nilimtafuta Iftikhar nimwone uso, sikuuona. Alikuwa ametupa mgongo, ameshika jora la kitambaa, anapima.

Nisalimie shemeji na wanao. Farzana na Iftikhar wanakusalimu. Mungu awafunike kwa rehema zake katika theluji hiyo. Mama naye anakusalimu sana, ila hawezi kukaa niandike maneno yake: anavaa viatu aende sokoni, na kabla ya kuvaa ameomba kikombe cha pili cha chai.

Dada yako anayekupenda daima,
Tehmina