Wiki ya Jaribio, Ofisi ya Alama

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Mkurugenzi ametuletea kijana wa usalama wa mtandao, Darius. Wiki hii atajaribu kuingia kwenye mfumo wa chuo kama mwizi, ili tujue palipo wazi. Karani atakayempa mtu neno lake la siri atafukuzwa. Mwenzangu Concilie akaninong'oneza: "Sasa mutu akifiwa, kazi yake itafanywa na nani? Na marehemu?" Nilicheka, lakini kwa hofu. Hapa kwetu anayekwenda msibani huwaachia wenzake neno la siri. Langu niliwaachia mwezi uliopita, nilipokuwa kwenye matanga ya shangazi, mtaani Buyenzi. Sijalibadilisha. Ningewezaje? Ni kama kumhesabia sukari mtu aliyekupikia chai.

Jumatano, 8 Oktoba
Alama za somo la Sheria zimebadilika! Wanafunzi waliofeli sasa wamefaulu. Mfumo unaonyesha aliyezibadilisha: mimi. Saa iliyoandikwa nilikuwa naswali adhuhuri. Nikamwambia chef wetu, mkuu wa ofisi, Mzee Valéry. Hakuinua hata macho: "Ni jaribio la yule kijana, binti yangu, usitutie wasiwasi." Concilie naye: "We Sumaya, unaogopa mpaka kivuli yako!" Ofisi nzima ikacheka.

Alhamisi, 9 Oktoba
Wanafunzi wengine waliofeli wamefaulu. Tena kwa jina langu. Kila nikisema, jibu ni jaribio, jaribio. Nimebadilisha neno la siri. Kabla ya chai Concilie akajua. "Kumbe sisi wezi? Si tulikulilia shangazi yako!" Hajasema nami tena. Alijuaje upesi hivyo?

Ijumaa, 10 Oktoba
Darius amekuja na ripoti yake. Anasema hakugusa alama yoyote — kazi yake ni kuona mlango ulio wazi, si kuhamisha vyombo. Basi ni mwizi wa kweli.

Mkurugenzi akauliza nani mwingine alijua neno langu. Nikamtaja Concilie na Mzee Valéry. Mzee Valéry akatikisa kichwa kwa huruma: "Apana, Mkurugenzi. Sisi hapa hatuachiani. Mutoto amechanganyikiwa na msiba." Concilie akatazama viatu vyake. "Mi sijui kitu," akasema, polepole sana.

Wamenitoa nje. Naandika kwenye benchi ya korido. Polisi wametajwa, nimesikia. Ya Rabi!

Darius ametoka sasa hivi. Anauliza kompyuta yangu iko wapi, aikague. Mezani kwangu, nimemwambia. Amekwenda, amerudi. Haipo. Na Mzee Valéry, aliyenipita hapa akisema anakwenda kunywa maji, naye hayupo. Ameondoka nayo!