Mashine Aliyoingia Baba

Jumatatu, 15 Januari 2024
Baba amekataa. Keshokutwa ndiyo siku ya kupigwa picha ya ubongo, naye asema mashine ile ni kaburi, hatiwi kaburini angali hai. Dkt. Nasipwondi anafuatilia ugonjwa wa Parkinson, huu unaomtetemesha Baba mkono: kila mwaka mgonjwa anarudi, picha mpya inalinganishwa na ya zamani, waone maradhi yamefika wapi. Nikamweleza hivyo. Akauliza, "Na mimi nafaidi nini?" Nikamwambia — Mungu anisamehe — mashine yenyewe inatibu. Akavua miwani akaniangalia. "Basi si ungesema mapema, mwanangu."

Jumatano, 17 Januari
Ameingia. Daktari alimwambia waziwazi kuwa hii ni picha tu, haitibu. Baba akaitikia kwa adabu, akatia saini. Kwenye tuktuk akanambia madaktari hawapendi kuahidi, waogopa lawama. Nikatazama nje. Jioni ameanza vidonge vipya.

Jumapili, 11 Februari
Mkono umetulia! Kanzu amefunga vifungo mwenyewe. Ni vidonge, lakini sifa zote zimekwenda kwa mashine. Mwaka jana alimmwagia mzee mwenzake kahawa mapajani, na tangu siku hiyo haketi tena barazani. Leo ameweka nadhiri: akiingia mashine mara ya pili akatoka salama, atasomesha maulidi, na kahawa atawamiminia wageni kwa mkono wake. Nilitaka kumwambia. Alikuwa anacheka, muda mrefu sijamwona akicheka.

Jumanne, 21 Januari 2025
Picha ya pili. Alipotoka aliwapa mkono wote, hata bawabu.

Alhamisi, 23 Januari
Nimekwenda peke yangu. Baba asema aliyepona haendi hospitali. Daktari ameziweka picha mbili sambamba. Chini kabisa ya ubongo kuna kieneo kidogo. Mwaka jana kiling'aa, mwaka huu kimefifia. Asema picha peke yake haitoshi, ila hata vipimo vya mkono na mwendo vyasema hivyo hivyo. Maradhi yanaendelea. Vidonge vinatuliza tu, na sasa dozi iongezwe. Akauliza kama Baba anaelewa hali yake. Nikasema ndiyo. Sijui ulimi huu nimeurithi kwa nani.

Ijumaa, 24 Januari
Kumbe Baba hanywi vidonge! Tangu Jumanne. "Vya nini, na mashine n'shaingia?" Mkono umeanza tena, naye asema ndiyo maradhi yanatoka. Nikampigia daktari, akasema arudishiwe vidonge leo leo, kuviacha ghafla ni hatari. Kaka yangu Fahmi naye kwa simu kutoka Malindi: njia ya mwongo ni fupi, Afaf, mwambie kweli. Nikampelekea Baba kidonge na maji. Nikaanza, "Baba, ile mashine..." Akanikatiza. "Allah akuzidishie, mwanangu. Wewe ndiwe uliyenipeleka." Kidonge akanirudishia mkononi. Nikarudi jikoni nikalia. Mimi ndiye ninayemuumiza, si maradhi peke yake.

Jumapili, 26 Januari
Maulidi yamekwisha. Ukumbi umejaa wazee wa baraza, na mimi niko jikoni naandika, pazia tu katikati. Bado hajameza hata kimoja. Na bado sijamwambia.

Amesema dele la kahawa apewe yeye, ni nadhiri yake. Mkono unamtetemeka hata kifuniko cha dele kinagonga. Kahawa ikiwa moto itamchoma mtu, au yeye mwenyewe. Kwa hiyo nimeipoza. Nimelitia dele ndani ya beseni la maji, nikampelekea limejaa nusu. Alinishukuru. Sikuweza kumtazama.

Namsikia anamimina. Vikombe vinagongana. Mmoja anasema si kitu mzee wangu, si kitu, haikuniunguza. Na wa pili hivyo hivyo. Kicheko kidogo cha kumstahi.

Nadhani ameionja mwenyewe.

"Afaf! Mbona kahawa yangu baridi?"

Anaita tena. Wote kule wanangoja nijibu.