Jicho la Karibu

Mume wangu,

Huku hatujambo. Cherehani imepona, na paka wa jirani amezaa ndani ya kabati lako.

Unasema daktari atakupiga leza macho yote mawili uone mbali, ila kwa umri wako, vya karibu utavivalia miwani. Miaka yote ukivua miwani, dunia nzima ilikuwa ukungu, ukabaki kuniona mimi tu niliye ubavuni. Sasa yule muuguzi unayemsifu kila ukipiga simu utamwona tangu mlangoni, halafu mimi nitafutiwe miwani ndipo unione?

Si ulisema wanaweza kurekebisha jicho moja tu, lingine libaki la kuona karibu? Chagua njia hiyo. La mbali mtazame nalo umtakaye. Hilo lingine lisiguswe. Ni langu.

Mkeo, na wivu wangu