Machicha ya Chupa ya Hispania

Kwa Mzee Ndayisaba,
Murusagamba, Ngara.
11 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Rozina,

Shikamoo. Habari za huko Hispania, na lile goti lako linaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Mimi ndiye mzima kuliko wote, kwa sababu nimeolewa na Kwizera.

Shangazi, huyu mwanamume! Kila asubuhi ananichemshia maji ya kuoga kabla mama yake hajaamka. Akienda shambani kwenye maharage, hurudi mlangoni mara mbili kuniaga. Nikisikia tu kikohozi chake uani, moyo unaruka. Sikujua kama mtu anaweza kupendwa hivi.

Lakini nina shida, na sina wa kumlilia ila wewe.

Chupa yako ya mvinyo ilifika salama, ila ilitoka Ngara mjini kwa bodaboda, na barabara yetu unaijua inavyotikisa. Siku ya kuleta zawadi za harusi, baba alimkabidhi baba mkwe mbele ya wazee ili aonje wa kwanza, kama ilivyo desturi. Baba mkwe alikuwa na furaha kweli. "Mimina ijae, leo nakunywa ng'ambo!" Akapiga funda, akatafuna kidogo, akatema chembe nyeusi kiganjani.

"Mkwe mwenzangu," akasema, "hapa kwetu machicha tunawapa mbuzi."

Watu walicheka sana. Baba yangu aliondoka bila kula. Sasa baba mkwe hataki kumpokea siku ya kunitoa ndani, nitakapoacha kufichwa chumbani, mwisho wa mwezi ujao, mpaka aombwe radhi. Baba naye anasema hajakosa kitu. Na bila baba yangu, nani atanitoa ndani?

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikijua kila kitu. Uliniambia kwamba mvinyo uliolala miaka mingi kwenye mapipa ya mbao, kisha ndani ya chupa, huacha mashapo, na kwamba chupa isimamishwe kutwa nzima na mvinyo umiminwe polepole. Lakini bibi harusi hazungumzi na baba mkwe mpaka atolewe ndani. Nikamfinya wifi yangu Scola aende akaseme. "Wifi, mimi nikamfundishe baba pombe? Unataka nife sijaolewa?" Kwizera alijaribu, akaambiwa, "Umeoa juzi tu, tayari umekuwa mtu wa ukweni."

Chupa ikasahauliwa kwenye kona ya chumba chetu, mvinyo ukiwa umebaki zaidi ya nusu. Jumapili, wengine wakiwa bado kanisani, Kwizera akasema tuonje kidogo tu. Tulimimina polepole kama ulivyoagiza. Shangazi, pembeni mwa glasi rangi yake si nyekundu tena, ni ya tofali lililochomwa. Unanukia tumbaku kavu, kiatu kipya cha ngozi na sanduku la nguo la bibi. Mdomoni kwanza ni zambarau zilizokauka juani, kisha vanila, kisha ukakasi kidogo kama wa ndizi mbichi. Ukishameza, ladha inabaki palepale, haitaki kuondoka. Kwizera alifumba macho akasema, "Francisca, na sisi tuzeeke hivi." Nililia. Tukaongeza kidogo. Tukaongeza tena.

Jana Scola alikuja mbio. Baba mkwe amesema tangu siku ile ulimi wake haujatulia, kwamba chini ya yale machicha kulikuwa na kitu ambacho hajawahi kuonja. Ameagiza chupa isimamishwe bila kuguswa, ili Jumamosi aonje tena mbele ya wazee wale wale. Akiona amekosea, ataenda mwenyewe kwetu Nyamiaga kumchukua baba.

Shangazi, ndani ya chupa yamebaki machicha tu.

Kwizera yuko hapa kando yangu, ameshika kichwa. Hata hivi ni mzuri, lakini hanisaidii. Huku mtandao unapatikana kilimani, nami sitoki, na Kwizera anaona haya kukupigia, kwa hiyo barua hii naituma na sista anayesafiri kesho kuja huko. Najua itakufikia Jumamosi imeshapita. Hata hivyo mpigie simu baba mkwe jioni, ndipo hupita kilimani. Sijui utamwambia nini. Mimi sina neno, na hata ningekuwa nalo siruhusiwi kulisema.

Mama mkwe na Scola wanakusalimu sana. Baba yangu pia, ingawa kwa sasa hataki kusikia habari za mvinyo. Mungu akulinde ugenini na akurudishe kwetu ukiwa na goti zima, na chupa nyingine.

Wako akupendaye, niliye ndani bado,

Francisca, mke wa Kwizera