Baba Mkwe Anataka Nisimame Nyuma Yake

Bibi Generosa, mshauri wetu wa gazetini, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni dereva wa lori hapa Shinyanga, nabeba pamba na mizigo ya wachimbaji wa Geita, na mwenyekiti wa chama chetu cha madereva na utingo ni Mzee Athanas, baba mkwe wangu, na si wangu peke yangu, maana mabinti zake wote wameolewa na madereva, na sisi huchagua kwa mstari, kila mtu anasimama nyuma ya anayemtaka, sasa wewe mwenyewe unajua kwetu Usukumani mtu akikutana na mkwewe njiani humpisha, ataanzaje kumkataa mbele ya watu? Basi kila mwaka wakwe tunajipanga nyuma yake kama ng'ombe wanaokwenda joshoni, wengine wakituona wanafuata, naye anarudi kitini. Majuzi utingo mmoja aliangukiwa na robota la pamba akavunjika mguu, chama hakikwenda hata kumpa pole, mwenyekiti alikuwa kwa tajiri mwenye malori anakunywa chai! Wenzangu wamenitaka nigombee, nami nimekubali, sirudi nyuma, lakini mzee amekuja nyumbani akasema, "Mkwe wangu, siku utakayoshindana nami, Paskalina atafunga mizigo yake." Mke wangu alikuwa anasonga ugali, akasikia yote, akaendelea kusonga. Bibi, nampenda mke wangu na chama nakitaka kiwe chetu, nisimame au nijitoe?

Nkwabi, Shinyanga

Marahaba, Nkwabi. Pole, baba. Ila unasema hurudi nyuma, halafu unaniuliza kama ujitoe. Ebo! Shika moja.

Wewe ulioa binti, hukuoa chama. Ng'ombe ulitoa na wakapokelewa, kura yako haikuwa zizini humo. Mpishe mzee njiani, mwamkie, mbebee mzigo wake, hiyo ni adabu na usiiache. Lakini chama ni cha kila anayelala chini ya lori bovu porini, na yule aliyevunjika mguu ana haki sawa na mkweo.

Huo mstari ndio unaowamaliza. Dai kura ya siri, na uidai mkutanoni, wazi. Wekeni madebe mawili nyuma ya pazia, lako na lake, kila moja na picha ya mwenyewe kwa wasiojua kusoma, na kila mwanachama aingie peke yake na punje moja ya mbegu ya pamba. Utingo wapige kura vilevile. Tajiri abaki kwake na chai yake. Hesabuni mchana, mbele ya wote. Mzee akikataa, kaeni chini nyote, asipate hata mmoja wa kusimama nyuma yake. Na ukishindwa kwa haki, ukubali, usilete ugomvi.

Sasa Paskalina. Umenieleza ya baba yake, umenieleza ya tajiri, yeye mwenyewe umemwacha jikoni na mwiko wake. Hujamuuliza hata neno moja! Weka gazeti hili chini, kamuulize sasa hivi kama anataka kuondoka. Mizigo ni yake, na hakuna mwanamume wa kumfungia, si baba yake wala si wewe.